Chale Nne za Muthama

Nyumba ya 212,
Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.

24 Agosti, 1996.

Mpendwa dada yangu Nthenya,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mistari ya karatasi hii. U hali gani huko Lusaka? Ule mguu wako wa kushoto unaofura kila baridi ikianza, bado unakusumbua, au ile dawa ya kusugua ilikufaa? Shemeji Kitonga naye yu mzima? Bado ana meza yake ya vinyago pale pale, au wamemfukuza tena? Nawataja nyote asubuhi mbele za Mungu, kuanzia wewe mpaka yule mjukuu ambaye sijamtia machoni.

Sisi huku tunapumua. Mama yuko nyumbani na mbuzi wake watano. Masikio yanazidi kuziba, lakini ukitajwa wewe anasikia. Mahindi ya mwaka huu yalikauka yakiwa kimo cha goti, kwa hiyo usishangae akikuomba blanketi na unga katika barua moja.

Sasa, dada, kama umeweka kitu motoni, epua kwanza. Najua barua ya wifi yangu Wavinya ilikufika kabla ya yangu, na najua uliisomea Wakamba wenzetu wa huko Jumapili baada ya ibada, maana shemeji aliniandikia. Nawe ukanitumia ile kadi yenye maua, ukaniuliza kwa upole, "Mutheu, je, kuna jambo lolote unalotaka kuniambia?" Nilikaa na kadi hiyo siku tatu. Wewe uliyenifundisha kufunga nywele uliniuliza mimi swali la namna hiyo. Lakini sikulaumu. Ulisikia upande mmoja. Huu hapa ni wa pili.

Unakumbuka mwaka jana mwishoni nilikuandikia kwamba mume wangu Muthama ana homa isiyokwisha. Jioni anachemka kama sufuria, asubuhi fulana imelowa. Kila zahanati tuliyoingia walisema malaria, na ile isiyosema malaria ilisema homa ya matumbo. Alimeza vidonge mpaka ulimi ukawa mweusi. Mwili ukakonda, mkanda ukaongezwa matundu mawili kwa msumari. Hapakuwa na uvimbe wala kipele. Ngozi yake ilikuwa safi kama ya bwana harusi.

Mwezi wa tatu ndipo kichwa kilipoanza kupotea. Unajua mume wangu ni mchongaji wa kuheshimika pale kwenye kibanda chao Pumwani. Siku moja alimchonga ndovu mzuri wa mti wa muhugu, akampaka dawa, akamng'arisha, kumbe pembe zote mbili kaziweka upande mmoja wa uso. Wenzake walicheka wakidhani ni mzaha. Yeye alikuwa akiwauliza kwa dhati wanacheka nini. Akaja nyumbani akaniita Mwaitu, akidhani mimi ni marehemu mama yake. Wiki mbili baadaye akakataa kula kwa mkono wangu. Akamwambia dada yake kwamba mwanamke wa nyumba hii anampa maji machungu.

Dada yake mwenyewe ndiye huyo Wavinya. Ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na mmoja, alimbeba mgongoni, na sasa anaishi Njiru katika nyumba yake. Kanisani kwetu ni mwenyekiti wa chama cha akina mama. Sauti anayo, mwili anao, na kofia za Jumapili anazo. Neno lile la maji machungu alilishika kama kuku aliyeona panzi.

Nilimpeleka mume wangu hospitali kubwa, nikamlilia karani mpaka akalazwa. Walimpima damu, wakamtoa uboho, wakampiga picha kifuani na kichwani. Majibu yote yalirudi na sura ile ile ya kutojua. Mwishowe akaja daktari mmoja wa kike, Mluo, Daktari Rispa, mdogo wa umri lakini hana haraka. Alimgeuza Muthama mbele na nyuma kama mtu anayekagua kitambaa dukani, kisha akasema anataka kukata vipande vinne vya ngozi: kimoja kila paja, kimoja tumboni, kimoja mkono wa kushoto juu ya kiwiko.

Nilimwuliza, daktari, unakata nini na ngozi haina kitu? Akakaa kitandani, akanieleza taratibu. Kuna saratani ya chembe nyeupe za damu, alisema, inaitwa limfoma. Kwa kawaida hufanya uvimbe shingoni au kwapani. Lakini iko ya aina moja, ya nadra sana, ambayo haitengenezi uvimbe. Inaingia ndani ya mishipa midogo midogo ya damu na kukaa humo, inaiziba, ya kichwani na ya kila mahali. Ndiyo maana mtu anachanganyikiwa na picha hazionyeshi. Na mishipa midogo imejaa chini ya ngozi, hata ngozi nzuri. Alikuwa amesoma habari za wagonjwa wachache wa ng'ambo waliogunduliwa kwa njia hiyo. Akasema huenda asipate kitu, lakini mlango wa karibu ni huo.

Mimi sikuelewa vizuri. Aliyeelewa ni Muthama. Siku hiyo kichwa kilikuwa kimetulia kidogo, akacheka, akaniambia kwa Kikamba, "Ni kama mti. Gome zuri halikwambii kitu. Unakwangua kidogo kwa tezo uone kama mdudu yuko ndani." Daktari akaniomba nitafsiri. Nilipotafsiri, alimwambia Muthama kwamba angemkopa maneno hayo awafundishie wanafunzi. Muthama akatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na sahihi ilikuwa imenyooka. Shika hilo, Nthenya. Alitia sahihi mwenyewe.

Wakamchoma sindano ya ganzi, wakakata, kila kipande kama punje ya haragwe, lakini kirefu kwenda chini mpaka kwenye mafuta. Wakashona kwa uzi mweusi. Wakaturuhusu tukangojee majibu nyumbani, maana vipande hivyo hukaushwa na kukatwa vyembamba kama karatasi na kutazamwa kwa darubini, na mwenye kutazama ni mmoja, na foleni yake ni ndefu.

Jumatano ya wiki iliyofuata mimi nilikwenda kuchota maji, maana mfereji wa kwetu ulikuwa umekauka. Wavinya akaja na akina mama watatu wa chama kumwombea mgonjwa. Walipotaka kumwosha wakamvua shati. Niliporudi na mtungi, nilimkuta wifi amesimama katikati ya chumba changu, amemfunua ndugu yake mapaja mbele ya wanawake, anahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne," alisema. "Hizi ni chale. Mutheu, umempeleka kwa mganga gani?"

Nikamwambia ni hospitali, ni daktari.

"Daktari hukata panapouma. Hapa panauma nini? Na uzi mweusi huu ni wa kufungia nini?"

Dada, wewe unajua jinsi tulivyolelewa. Chale mwili mzima, mahali pasipo kidonda, na uzi mweusi juu yake: mtoto yeyote wa Ukambani angesema alichosema yeye. Ningekuwa mimi ndiye nimeingia nyumba ya mtu nikaona hivyo, sijui ningewaza nini. Nayaandika haya kwa sababu nimeahidi kukuandikia kweli. Lakini mimi ningeuliza na kungoja jibu. Yeye hakungoja.

Alitoa wembe kwenye mkoba. Akasema kilichofungwa na Shetani lazima kifunguliwe. Akina mama wakaanza pambio. Mimi nilimshika mkono, wawili wakanishika mimi, wakaniketisha kwenye stuli yangu mwenyewe. Akakata nyuzi zote nne, akizivuta moja moja, na Muthama akilia Mwaitu, Mwaitu, na sikujua ananiita mimi au anamwita nani. Nyuzi akazitupa kwenye jiko langu. Moja ilianguka kando. Niliiokota walipokwenda. Ninayo mpaka leo, nimeiweka ndani ya bahasha.

Vidonda vitatu vilijifunga vyenyewe, namshukuru Mungu. Kile cha paja la kulia kilifunguka kama mdomo, kikaingia uchafu, kikaoza. Siku ya sita ungeweza kutia kidole gumba.

Na kabla sijajua nifanye nini na hilo, wazee wa kanisa wakaniita. Wavinya alikuwa ameshawafikia, na mashahidi watatu. Niliwaambia majibu ya hospitali bado hayajatoka, wangoje. Mchungaji alikuwa safarini, wazee hawakutaka kungoja. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita nilisimamishwa mbele. Unakijua kile kitambaa cheupe cha chama, tunachokifunga kichwani? Miaka kumi na saba nimekifua kwa mkono, sijawahi kukichanganya na nguo nyingine. Wavinya alikuja kwa mwendo wake ule wa taratibu, akanivua mbele ya watu mia tatu. Nywele zangu zilikuwa hazijasukwa. Nilirudi kwenye benchi nikiwa nimeshika kichwa kama mtu aliyenyeshewa.

Mtaani ikawa hivyo hivyo. Wale vijana wanaokaa kwenye ukuta karibu na bomba wakanipa jina, Mama Wembe kwa Sheng yao. Nikipita, mmoja anaita, "Niaje, Mathe Wembe, leo unachanja nani?" Wengine wanacheka. Wanawake waliokuwa wakinunua mboga ya sukuma kwangu wakaanza kuvuka njia. Aliyebaki kuingia nyumbani kwangu ni Batulo, yule jirani yangu Mborana, ambaye kanisani mwetu hajawahi kutia mguu. Alikuwa akinipikia chai ya maziwa na kuniambia, "Nyinyi watu wenu wakikosa shetani wanamshona." Nilicheka siku hiyo mpaka nikalia.

Tarehe tisa mwezi wa saba majibu yalitoka. Daktari Rispa alinikalisha, akanionyesha kwa kalamu. Katika vipande viwili kati ya vinne, cha paja la kulia na cha tumboni, waliiona ile limfoma. Mishipa midogo imejaa zile chembe mbaya, na ngozi ya juu nzima. Alikuwa sahihi. Hakufurahi kuwa sahihi, lakini alisema sasa tunajua jina la adui. Kuna dawa kali, inatundikwa ikaingia kwenye mshipa kwa saa kadhaa, na wengine imewasaidia kama ikianza mapema.

Kisha akamvua Muthama suruali. Nthenya, akaliinamia lile donda. Akauliza nani ametoa nyuzi. Nikamwambia. Akafunua karatasi zake, akazifunika, akaniambia dawa ile inaua kinga ya mwili. Mtu mwenye donda bichi lenye usaha akitundikiwa, donda linamwua kabla ya saratani. Lazima lifunge kwanza. Akampa vidonge vya kushusha homa na kupunguza nguvu za ugonjwa, vikamrudishia akili ndani ya siku kumi, mpaka akaniuliza kwa nini sivai kitambaa changu. Lakini daktari alisema wazi kwamba vidonge ni kuushika mlango tu, mwizi yuko nje anausukuma. Kila wiki tunayongojea ni wiki tunayompa ugonjwa.

Sasa unaelewa. Wifi yangu hakunivua kitambaa tu. Alichukua siku za mume wangu kwa wembe, akiimba.

Najua kisasi ni cha Bwana. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa mtoto. Lakini asubuhi baada ya siku hiyo nilipiga magoti, nikamwambia Bwana kwamba ana visasi vingi sana vya watu wote wa dunia, naomba anigawie hiki kimoja, kwa Jumapili moja tu. Iko zaburi ya laana ambayo wachungaji hupenda kuiruka. Niliisoma kila asubuhi kwa wiki tatu na jina la Wavinya ndani yake.

Nilimwomba Daktari Rispa anipe barua kwa wazee wa kanisa, na aiandike kwa Kiswahili chepesi. Akaandika. Nikamwomba aongeze mstari mmoja mwishoni. Alinitazama juu ya miwani, halafu akauongeza, kwa sababu ulikuwa kweli.

Nikaipeleka kwa Mzee Phares, karani wa baraza la wazee, mtu wa haki ingawa mwoga. Aliisoma mara mbili, maana sahihi yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye hukumu yangu. Akasema, mama, tutayamaliza haya kimya kimya, upite ofisini Jumamosi uchukue kitambaa chako. Nikamwambia, "Mzee, hamkunivua ofisini."

Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka barua hiyo iwekwe kati ya matangazo.

Lazima nikueleze desturi yetu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi matangazo husomwa na mwenyekiti wa akina mama. Wavinya ana jivuno moja kubwa, kwamba matangazo hayasomi kabla. Wengine huyapitia nje, wanauliza hili neno gani. Yeye huja mbele akapewa rundo la karatasi, anavaa miwani, anayamwaga moja kwa moja kama maji. Anapenda sana kusema hivyo mwenyewe, "Mimi nasoma kama maji." Mzee Phares alilijua hilo kama mimi. Alisugua goti lake. Mwishowe akasema ataiweka ya sita, baada ya arusi na kabla ya mkutano wa vijana.

Basi Jumapili tarehe nne mwezi huu nilimvalisha Muthama suti yake ya kahawia, akatembea kwa fimbo mpaka kanisani. Tuliketi benchi la nyuma. Kichwa changu kilikuwa wazi, nimesuka vizuri.

Wavinya alisoma mavuno. Akasoma ugonjwa wa mama fulani, akasoma ujenzi wa choo, akasoma kwaya, akasoma arusi kwa furaha. Akashika ya sita. "Kwa Wazee wa Kanisa," alisoma kwa sauti yake ile ya kengele. "Mgonjwa wetu Muthama alikatwa vipande vinne vidogo vya ngozi na daktari, kwa idhini yake mwenyewe, ili tutafute ugonjwa ndani ya mishipa ya damu. Nyuzi nyeusi zilizoonekana ni za hospitali. Ugonjwa umepatikana katika ngozi hiyo. Mke wake hakumpeleka kwa mganga yeyote. Bila vipande hivyo hatungejua anaumwa nini."

Kufikia hapo unasikia sauti inapungua kama redio yenye betri mbovu, lakini alizoea kusoma bila kusimama, mdomo ukamtangulia. Kisha akauona mstari wa mwisho, akaishia hapo.

Watu wote wakainua vichwa. Hata watoto. Alikunja karatasi kidogo, akasema hilo litaendelea baadaye.

Muthama akasimama kwenye benchi la nyuma. Sikumtuma. Mungu ni shahidi, sikumwambia hata neno.

"Soma, dada," alisema. "Umebakisha mstari mmoja."

Wavinya alimtazama yule mdogo wake aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akasoma, sasa si kama maji, neno moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. "Matibabu yamecheleweshwa na donda la paja, kwa sababu nyuzi zilikatwa kabla ya wakati, kwa wembe, na dada mkubwa wa mgonjwa."

Mzee Phares akatoka na kitambaa changu kimekunjwa. Akampa Wavinya. Nilitembea mbele, na sikufanya haraka. Vidole vyake vilikuwa baridi shingoni mwangu na fundo alilifunga likawa legelege. Nikamwambia kwa sauti ya chini, yeye peke yake asikie, "Kaza, wifi. Safari hii usilegeze."

Unaweza kuniuliza kama nilisikia vibaya moyoni. Nilisikia vizuri, dada. Nilirudi nyumbani nikala ugali na nyama, nikaongeza.

Jumanne yake alikuja Mbotela na jogoo mwekundu, akapiga magoti pale mlangoni, akaomba msamaha. Alisema alidhani anamwokoa. Alilia kweli, si machozi ya kanisani. Jogoo nilimpokea. Msamaha nikamwambia uko ndani, pajani mwa ndugu yake. "Nenda ukautafute. Siku donda hilo litakapofunga kwa mkono wako, utaupata."

Tangu siku hiyo amekuja kila asubuhi kutoka Njiru. Muuguzi wa zahanati alimwonyesha mara moja, mimi nasimamia. Anachemsha maji na chumvi, anaosha mikono mpaka viwiko, anapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji, mama mzito kama yule, anafungua bandeji na kusafisha lile shimo alilolifanya. Mwanzoni lilinuka, akageuza uso. Nikamwambia aangalie anachokifanya. Akitoka, nasafisha beseni tena mbele yake. Na hatuimbi pambio.

Mume wangu huniambia yatosha. Ananiambia huyo ni dada yake na magoti yake yana yabisi. Namjibu anywe dawa.

Na lile jina limehama. Wavinya akipita pale ukutani wale vijana humwita yeye Mathe Wembe. Sikulihamisha mimi. Lakini Batulo alipotaka kwenda kuwakemea, nilimwambia anywe chai kwanza.

Hapa ndipo ninapokuambia siri, Nthenya, usiisome hii mbele ya watu. Kila asubuhi nimekuwa na maombi mawili yanayopigana. La kwanza namwomba Mungu alifunge donda upesi, upesi, Muthama akatundikiwe dawa. La pili, namwona Wavinya amepiga magoti, naomba lisifunge leo. Leo tu lisifunge, basi. Ninajikuta nimesema amina kwa yote mawili, na sijui Mungu amejibu lipi.

Leo asubuhi Wavinya alifungua bandeji. Akabonyeza pembeni kwa kidole kwa upole, hakukutoka kitu. Ngozi mpya, nyembamba, rangi ya waridi, imefika mpaka mwisho. Muuguzi alikuja akaangalia, akasema tumpeleke kwa Daktari Rispa Jumatatu, dawa itaanza. Muthama alifunika uso kwa mikono, akalia. Mimi pia nililia. Nililia kwa furaha, na usidhani vinginevyo.

Wavinya hakuinuka. Alibaki pale kwenye magoti, beseni mbele yake, akaniangalia.

"Limefunga," alisema.

Nilijua anangoja nini. Nami nilikuwa nimeahidi, mbele ya jogoo na mbele za Mungu. Nilifungua mdomo na neno lenyewe nilikuwa nalo, Nthenya, lilikuwa hapa kwenye meno.

"Kesho njoo," nikamwambia. "Chemsha maji, tuangalie tena."

Akaitika ndiyo, akabeba beseni.

Basi ndivyo nilivyo leo ninapokuandikia. Tuombee Jumatatu. Daktari hakutuficha: dawa inaweza kushika, inaweza isishike. Niombee na mimi pia, kwa lile lingine. Na hii barua yangu, uikate pale nilipokuambia ni siri, na hiyo nyingine yote uisome kwa sauti mbele ya wale wale waliosikia ile ya kwanza. Usiruke mstari wa mwisho wa barua ya daktari. Umsomee Kitonga mara mbili.

Msalimie shemeji, wasalimie wasichana wote, umbusu yule mjukuu shavuni kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, na yale ya blanketi usisahau. Batulo anasema ukija atakupikia. Muthama anakusalimu sana, na anasema mkono umetulia kiasi cha kuanza ndovu mwingine, huyu pembe zitakaa kila moja mahali pake. Wavinya hakutuma salamu, nami sikumwuliza.

Mungu wa baba zetu akuweke, akupunguzie mguu, akufungulie njia ya kurudi kutuona tungali hai wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye kitambaa chake kichwani,

Mutheu.